Namba Mbili Langoni: Simba Walivyompata na Walivyompoteza

Mkwakwani, Tanga, Agosti 13, 2023. Dakika 90 za Ngao ya Jamii zimekwisha 0-0 na watani wa jadi wanaingia kwenye mikwaju ya penalti. Langoni kwa Yanga yupo Djigui Diarra, kipa wa timu ya taifa ya Mali, aliyetoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Juni 3 mwaka huohuo kule Algiers. Langoni kwa Simba yupo Ally Salim, ambaye mwaka ulipoanza alikuwa kipa wa tatu. Salim akaokoa tatu, Simba wakashinda 3-1, Ngao ikaenda Msimbazi.

Huku Bumbuli, wenye nauli walishuka Soni na Mombo kwenda kuona kwa macho yao, maana si kila mwaka dabi ya Kariakoo inachezwa mkoani kwetu. Waliobaki walibanana kwenye mabanda ya mpira. Siku zilizofuata maneno yalikuwa yaleyale, kuanzia stendi mpaka gulioni: Simba wameokota dodo chini ya mnazi.

Nabisha kidogo. Bahati ilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini bahati haidaki penalti tatu mbele ya uwanja uliojaa. Cha kuangalia ni jinsi kijana huyo alivyofika pale, kwa sababu kwenye safari yake kuna mambo ambayo klabu zetu huyafanya vizuri bila kukusudia, na mengine huyaharibu kwa kukusudia kabisa.

Tuanze na Aishi Manula. Alitoka Azam mwaka 2017 na kwa misimu kadhaa hakuna aliyeuliza nani anakaa langoni Simba. Jina la Tanzania One, lililokuwa la Juma Kaseja enzi zake, likahamia kwake. Mwaka 2019 Simba wakamchukua Beno Kakolanya kutoka Yanga. Huyo alikuwa namba mbili wa kwenye vitabu: mzoefu, mechi kubwa ameshazidaka, unaweza kumuingiza dakika ya 60 na mabeki wasigeuke kutazamana. Kasoro ya namba mbili wa aina hii ni moja tu, na haina dawa. Uwezo wake unatosha kuwa namba moja kwingine, naye analijua hilo kila anapovaa bibu la benchi. Katikati ya 2023 Kakolanya aliondoka kwenda Singida Fountain Gate.

Lakini kabla hajaondoka, Aprili mwaka ule, Manula aliumia. Aprili 16 Simba walikuwa na Yanga, na jina lililosomwa langoni lilikuwa la Ally Salim, si la Kakolanya. Simba wakashinda 2-0, mabao ya Henock Inonga na Kibu Denis. Aprili 22, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Wydad Casablanca wakafungwa 1-0 Uwanja wa Mkapa, bao la Jean Baleke. Aprili 28 kule Casablanca Wydad wakashinda 1-0 na kupita kwa penalti 4-3. Siku 12, mechi tatu ambazo kipa mwingine angezisubiri maisha yake yote, na katika dakika zote za kawaida bao lililoingia langoni kwake ni moja.

Kuna jambo la kiufundi kwenye mechi ya Aprili 16 ambalo wachambuzi wengi walilipita. Kipa mgeni langoni hupimwa mapema. Wapinzani humpigia mashuti ya mbali hata yasiyo na maana, humrundikia krosi, humsimamishia mtu mbele yake kwenye kona. Wanataka kujua mikono yake ikoje na mdomo wake ukoje, maana kipa asiyepiga kelele huwafanya mabeki wake wacheze wakiangalia nyuma. Inonga alifunga mapema mno, mechi ikiwa haijapata hata umbo. Bao lile liliwapa Simba ruhusa ya kukaa nyuma na kumfunika kijana wao. Kipa mwenye beki nne zilizobanana mbele yake anabaki na kazi mbili: krosi, na kuokota kilichopenya. Zote mbili hufundishika mazoezini. Kisichofundishika mazoezini ni kipa kuamua, akiwa mita 25 kutoka golini kwake, kama atoke au abaki.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema namba mbili ni kipa wa pili kwa ubora kwenye kikosi. Ni kazi nyingine. Namba moja unamchagua kwa kuangalia siku yake nzuri inafika wapi. Namba mbili unamwangalia siku yake mbaya inaishia wapi, na kama timu itaweza kuibeba siku hiyo bila kubadilisha kila kitu.

Chukua mfano wa Yanga. Tangu Diarra atue Jangwani mwaka 2021, Yanga imejifunza kuanza mpira kutoka kwake. Anapokea pasi za nyuma akiwa na presha, anapiga pasi ya kukata mstari, mabeki wa kati wanajipanua kwa kujua nyuma yao kuna mtu wa kumi na moja anayecheza. Anapokosekana, anayeingia, kama ilivyokuwa kwa Metacha Mnata aliyerudishwa Januari 2023 na Aboutwalib Mshery aliyetoka Mtibwa, anaweza kuwa na mikono mizuri kabisa na bado timu ikaonekana imepoteza mchezaji wa kiungo. Mabeki wanarudi hatua tano, viungo wanashuka kufuata mpira, mshambuliaji anabaki peke yake. Shabiki atasema kipa amecheza vibaya, wakati kilichobadilika ni timu nzima. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kocha wa makipa linahusu miguu ya namba moja: timu imeiegemea kiasi gani? Ikiwa imeiegemea sana, namba mbili lazima awe na miguu ya kufanana nayo, hata kama mikono yake iko chini kidogo.

Kanuni nazo zinabana. Ligi Kuu inaruhusu wachezaji wa kigeni 12 kwa klabu. Ukishatumia nafasi moja kumleta kipa kutoka Mali, Morocco au Guinea, hakuna kiongozi mwenye akili atakayetumia ya pili kwa mtu wa kukaa benchi. Maana yake namba mbili wa klabu kubwa Tanzania ni Mtanzania, karibu kwa lazima. Na kwa kuwa fedha imeshaishia kwa winga na mshambuliaji, nafasi hiyo hujazwa mwisho, usiku wa kufunga dirisha, kwa mtu aliyepatikana.

Timu za vijiji za huku milimani haziko hivyo, na sababu yake ni biashara. Kipa namba moja wa timu niliyozoea kuiangalia ni mfanyabiashara wa mboga. Siku fuso ikipakia kabichi na karoti za Dar, mechi haimhusu. Kwa hiyo namba mbili anadaka mara nyingi karibu sawa na namba moja, na hakuna anayehesabu hiyo kuwa dharura. Kigezo chao cha kumchagua kinachekesha ukikisikia mara ya kwanza: awe mtu asiyesafiri. Uwanja wenyewe una mteremko, na ukungu ukishuka saa kumi na moja mpira unakuwa kama umepakwa sabuni. Namba mbili yule ameshajua kwamba ukiwa goli la chini hudaki krosi iliyolowa, unaipiga ngumi pembeni. Ukiwa goli la juu unatoka mapema, kwa sababu mpira mrefu wa wapinzani unapanda kilima na kupungua kasi. Ameyajua kwa kucheza, si kwa kuambiwa. Kipa wa benchi wa klabu kubwa anaweza kumaliza msimu mzima bila kuyajua ya uwanja wake wa nyumbani.

Wamarekani wana nafasi inayofanana na hii kwenye mpira wao, American football. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira na kuamua uende kwa nani, na uwanjani huwa mmoja. Wiki nzima ya mazoezi karibu yote ni ya namba moja. Namba mbili anasimama na karatasi mkononi. Desemba 10, 2017 Carson Wentz wa Philadelphia Eagles aliumia goti, akaingia Nick Foles. Februari 4, 2018 Foles akawapa Eagles ubingwa wa Super Bowl, 41-33 dhidi ya New England Patriots, na akatajwa mchezaji bora wa mechi. Kocha wake, Doug Pederson, alishakuwa kwotabeki wa akiba mwenyewe wakati wa uchezaji wake. Hakumlazimisha Foles acheze kama Wentz, ambaye alikuwa mtu wa kukimbia na kujiokoa. Alimpangia mipira ya kutoa haraka, ile aliyoizoea. Robertinho, kocha wa Simba wakati ule, alifanya kitu cha aina hiyo Aprili, kwa kutaka au kwa kusaidiwa na bao la Inonga.

Na kuna wale walioishiwa kabisa. Ndugu zetu wa Komoro, Januari 24, 2022, kwenye hatua ya 16 bora ya Afcon kule Yaoundé, waliingia uwanjani bila kipa hata mmoja. Salim Ben Boina alikuwa ameumia, wengine wawili walikuwa wamezuiwa kwa sababu ya corona. Akasimama langoni beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, na namba 3 mgongoni. Kameruni walishinda 2-1 tu, tena Komoro wakiwa pungufu tangu dakika za mwanzo kwa kadi nyekundu. Siku ile makocha wengi wa Afrika Mashariki waligundua kwamba kipa wa tatu naye ana kazi.

Turudi Mkwakwani. Kwenye usajili wa katikati ya mwaka ule Simba walimsajili Mbrazili Jefferson Luis, akaumia kambini Uturuki na mkataba ukavunjwa. Kakolanya ameondoka. Manula anauguza. Ayoub Lakred, Mmorocco, amesajiliwa mwezi huohuo wa Agosti. Kwa hiyo Salim alibaki, na hapo ndipo watu wa bahati wanapopata hoja yao. Lakini angalia alichokuwa nacho mkononi. Alishapigiwa penalti za Wydad, Casablanca, mbele ya mashabiki ambao hakuna uwanja wa Tanzania unaoweza kuwaiga. Siku tatu kabla ya fainali, Simba waliitoa Singida Fountain Gate kwa penalti palepale Mkwakwani.

Penalti inapigwa kutoka mita 11, goli lina upana wa mita 7.32, na sheria ya 14 inamtaka kipa awe na angalau mguu mmoja kwenye mstari mpaka mpira upigwe. Ukisubiri uone, umechelewa. Ukiondoka mapema, mpigaji anakuona. Kipa asiyejulikana ana faida ndogo hapa. Wapigaji wa Yanga walikuwa na video za Manula za miaka, lakini za Salim walikuwa na chache mno kujua anaegemea upande gani. Yeye, kwa upande wake, alikuwa amekaa benchi akiwaangalia baadhi ya wapigaji hao tangu msimu uliotangulia. Benchi ni mahali pazuri pa kusoma, kama kuna mtu wa kukuuliza umesoma nini.

Sasa walivyompoteza. Oktoba 20 Simba walifungua African Football League kwa 2-2 na Al Ahly pale Mkapa, wakaenda Cairo wakatoka 1-1 na kutolewa kwa bao la ugenini. Si matokeo ya aibu mbele ya timu ile. Novemba 5 ikaja dabi ya ligi, na langoni akarudi Manula, ambaye majeraha yalikuwa yamemweka nje kwa miezi. Yanga wakashinda 5-1. Siku mbili baadaye Robertinho hakuwa kocha tena.

Siwezi kumtwisha Manula mabao matano. Kiungo cha Simba siku ile kilikuwa barabara ya lami, na Maxi Nzengeli alipita alivyotaka. Uamuzi wenyewe ndio ninaoukataa. Kocha aliyemwamini namba mbili kwa dharura alishindwa kumwamini bila dharura. Namba moja aliyetoka kwenye upasuaji anahitaji mechi za kurudi, na dabi si mechi ya kurudia. Angepewa timu za katikati ya msimamo, nusu saa hapa, mechi ya kombe pale. Badala yake makipa wawili waliharibika kwa siku moja: mmoja alibebeshwa mzigo kabla mwili haujawa tayari, mwingine aliambiwa, bila neno kusemwa, kwamba Casablanca na Mkwakwani hazikuhesabika.

Baada ya hapo Lakred alikamata nafasi, kisha 2024 akaumia kabla ya msimu na Simba wakamleta Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea. Salim akarudi kwenye foleni. Mwaka 2025 klabu ikafanya jambo tofauti: ikamchukua Yakoub Suleiman kutoka JKT Tanzania, kipa aliyedaka Taifa Stars kwenye CHAN mpaka robo fainali. Huyo ni Mtanzania asiyekula nafasi ya mgeni, alikuwa akicheza kila wiki, hakuja kujifunza. Gharama yake ilikuwa kwamba Camara akiwa mzima, kipa wa Stars angekaa benchi, na kocha wa timu ya taifa angelazimika kumwita mtu asiye na dakika. TFF haina kanuni ya kuzuia hilo, na sidhani kama inapaswa kuwa nayo. Simba ndiyo inayoweza kulipunguza, kwa kumpa Yakoub mechi zote za Kombe la Shirikisho la TFF kuanzia raundi ambayo klabu inaingia, na kumwambia hivyo Agosti, kabla hajaanza kuangalia simu ya wakala wake.