Matini Moja, Wasomaji Wawili: Uhakiki wa Texinfo

Makala haya yanakusudia kuihakiki Texinfo, lugha ya kutia alama ambayo kwayo miongozo ya programu za mradi wa GNU huandikwa. Huenda wako watakaouliza kwa nini jarida la lugha lijishughulishe na zana ya mafundi wa kompyuta. Jawabu ni kwamba mwongozo wa programu ni matini kama matini nyingine: una mwandishi, una msomaji, na una mtindo. Isitoshe, atakayetaka kuandika mwongozo wa namna hiyo kwa Kiswahili atakumbana na maswali ya sarufi ambayo fundi peke yake hawezi kuyajibu.

Kwanza tuitazame asili yake kwa ufupi. Katika miaka ya 1970 Brian Reid wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alibuni Scribe. Humo mwandishi hakutakiwa aseme maandishi yake yawe na umbo gani, bali aseme ni maandishi ya namna gani. Katikati ya miaka ya 1980 Richard Stallman, aliyekuwa ameutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, aliichukua fikra hiyo, pamoja na alama ya @ inayotangulia kila amri, akaunda Texinfo. Shabaha yake ilikuwa kwamba matini iandikwe mara moja tu. Kutokana nayo kipatikane kitabu cha kupigwa chapa kwa TeX ya Donald Knuth, na vilevile matini ya kusomwa kwenye skrini katika mfumo uitwao Info.

Ubora wa mpango huu hauna budi kukubaliwa. Mwandishi haagizi kwamba neno fulani lilazwe au likolezwe. Hutia @dfn penye istilahi inayofafanuliwa, @kbd penye herufi ambazo msomaji atazipiga, na @var penye neno linaloshika nafasi ya kitu kingine. Kitabuni neno la @var hutokea kwa herufi za mlazo. Katika Info neno lilo hilo hugeuzwa herufi kubwa. Maana ni moja, vazi ndilo tofauti. Nidhamu hii humlazimu mwandishi ajiulize kila neno linafanya kazi gani. Vitabu ambamo mlazo hutumika kwa msisitizo, kwa maneno ya kigeni, kwa majina ya vitabu na kwa istilahi, vyote pamoja bila kubagua, vingenufaika sana na swali hilo.

Hata hivyo, dai kwamba matini moja huwatosha wasomaji wawili lina kasoro. Texinfo huigawa kazi katika mafundo, na kila fundo huunganishwa na lililotangulia, linalofuata, na lililo juu yake, mithili ya wavu. Msomaji wa kitabu hufika ukurasa wa 40 akiwa ameshika mkononi kurasa 39 zilizotangulia. Msomaji wa skrini huweza kutua katika fundo lolote kwa kupitia faharasa, asijue alikopitishwa. Kwake yeye maneno "kama tulivyosema hapo juu" hayana maana, kwani hapo juu hapapo. Ni kweli kwamba zipo amri za @iftex na @ifinfo zinazomwezesha mwandishi kumpa kila msomaji maneno yake. Lakini anayezitumia kila mara ataishia kuandika vitabu viwili katika faili moja, na faida iliyotafutwa itakuwa imepotea.

Katika Kiswahili tatizo hili hujitokeza kwa namna mbili. Namna ya kwanza yahusu viambishi. Tuchukue fundo linaloanza hivi: "Ikishafunguliwa, huonyesha orodha." Kitabuni jina linalorejelewa limo katika aya iliyotangulia. Kwenye skrini, kiambishi i- chaweza kuwa cha programu, cha amri, cha hati au cha kompyuta yenyewe, kwa kuwa zote ni za ngeli ya I-ZI, na majina mengi ya kukopa huingia humo. Upatanisho wa kisarufi, ambao kwa kawaida hutusaidia kutambua kinachosemwa, hutuacha mkono katika uwanja huu hasa. Kwa hiyo kila fundo sharti lianze kwa kulitaja jina lenyewe.

Namna ya pili yahusu marejeo. Penye @ref mwandishi hutaja jina la fundo tu. Maneno mengine huongezwa na programu. Katika matini ya kuchapwa, programu husema kama fundo hilo ni sura, sehemu au kiambatisho. Tuchukulie kwamba maneno hayo yametafsiriwa, na kwamba rejeo limefuatwa na kitenzi "inaeleza". "Sura ya 4 inaeleza" ni sahihi. Lakini sura hiyo ikihamishwa na kufanywa kiambatisho, programu itatoa "Kiambatisho A inaeleza", na sarufi itakuwa imevunjika ilhali mwandishi hakuigusa sentensi yake. Katika Kiingereza, ambacho hakina upatanisho wa ngeli, hitilafu hii haizuki. Dawa ni kutokifungamanisha kitenzi chochote na rejeo. Ndiyo maana @xref, inayoanzisha sentensi yake yenyewe, na @pxref, inayokaa katika mabano, zinatufaa kuliko @ref.

Mwaka 2004 Jambo OpenOffice, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kwamba menyu za programu zaweza kusema Kiswahili. Lakini menyu huhitaji istilahi tu, hali mwongozo huhitaji sentensi, na orodha ya istilahi, hata ikiwa nzuri namna gani, haimfundishi mtu kuandika sentensi itakayosimama peke yake. Kwa maoni yetu, Texinfo yafaa kutumiwa na waandishi wa Kiswahili kwa sharti hilo: kila fundo lijitosheleze kwa majina na kwa marejeo yake. Sharti hili litauongeza urefu wa mwongozo, na msomaji wa kitabu ataona marudio. Ni afadhali avumilie marudio hayo kuliko mwenzake wa skrini kuachwa akikisia ile i- ni ya nini.