Mikono Inayomlea Fahali wa Khayega

Kenya imepata bingwa mmoja tu wa Olimpiki katika ndondi. Mwaka 1988 mjini Seoul, Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, akatwaa dhahabu ambayo hadi leo hakuna bondia mwingine wa nchi hii aliyeipata. Wangila alipigana katika uzani wa kilo 67. Anayetaka uzani mzito wenyewe na aje Khayega, ambako wapiganaji wana pembe na hupimwa kwa macho ya wazee.

Khayega ni soko lililo kusini mwa mji wa Kakamega, kwenye barabara kuu ya kwenda Kisumu, pale inapochepuka njia ya Shinyalu. Hii ni nchi ya Waisukha, na jirani zao ni Waidakho wa Ikolomani. Jamii hizi mbili zimepiganisha mafahali tangu enzi za mababu. Asili ya jambo hili imefungamana na mazishi: akifa mzee mwenye jina, ng'ombe huletwa nyumbani kwake kwa shilembe, yaani tambiko la kumuaga, na mafahali hupambana kumpa heshima ya mwisho. Siku hizi wanapiganishwa pia sikukuu, na Jumamosi asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Fahali husindikizwa uwanjani kwa isukuti, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na baragumu na njuga. Mwaka 2014 UNESCO iliitia isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Kelele hizo ni tamu, nami nazipenda. Lakini sifa zangu leo ni za mtu anayekuja kimya nyuma ya fahali, kamba mkononi, huku mwenye ng'ombe akibebwa juujuu na mashabiki. Huyo ndiye mtunzaji.

Kazi yake huanza miaka kabla ya pambano la kwanza. Humtazama ndama akiwa na wenzake kisimani: nani anasogea akisukumwa, nani anabaki pale pale akiendelea kunywa? Hutazama shingo, mabega, na zaidi ya yote miguu ya nyuma. Akishachagua, humtenga. Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa usemi huo ni kanuni ya kazi ya kila siku. Fahali wa kupigana huwekwa mbali na madume wenzake, na majike pia hukaribishwa kwa kiasi. Analishwa nepia iliyokatwa asubuhi, vilele vya miwa, molasi na chumvi. Anapekuliwa kupe masikioni, chini ya mkia na kwenye mikunjo ya kinena, kwa vidole, taratibu, maana huku kwetu ndigana inaweza kummaliza kwa siku chache fahali ambaye hakuna pembe iliyowahi kumtisha. Mtunzaji anayeruka siku moja ya kupekua kupe hafai, hata awe hodari wa nyimbo namna gani.

Kisha yanakuja mazoezi. Fahali hupandishwa mlima na kuteremshwa, na huachwa achokoe kingo za udongo na vichuguu kwa pembe mpaka shingo inenepe. Mambo haya mtu anaweza kujifunza. Kigumu ni kujua lini aingizwe uwanjani na apambanishwe na nani.

Ng'ombe hasahau aliyemshinda. Ukiwafuga pamoja utaona: waliokwisha kupimana hawapigani tena kila siku, mmoja humpisha mwenziwe kwenye majani na majini. Kwa hiyo fahali mchanga akikutanishwa mapema na dume lililokomaa, akasagwa, anaweza kutoka pale na miguu yake yote minne lakini asitake tena kuinamisha kichwa mbele ya yeyote. Mwenye ng'ombe ana haraka ya sifa. Kijiji kina haraka. Mtunzaji peke yake ndiye anayesema bado, ngojeni meno yatimie, ngojeni mvua ipite, huyo wa kule ni mzito mno. Kwa maoni yangu neno hilo "bado" ndilo ufundi wenyewe. Mabondia wangapi wameharibiwa kwa kukosa mtu kama huyo pembeni mwa ulingo?

Katika pambano lenyewe wageni hutazama pembe. Mtunzaji anatazama kwato za nyuma. Vipaji vya nyuso vinapogongana na pembe kushikana, anayeshinda ni yule aliyeshusha kichwa chini zaidi na kupata udongo wa kukanyagia. Kwato zikianza kuteleza, kifua kinainuka. Kifua kikiinuka, shingo inapinda. Shingo ikipinda, ubavu unabaki wazi. Hapo fahali mwenye akili hageuki kufa, anageuka kuondoka. Akikimbia, mchezo umekwisha. Hakuna mtu mwenye upanga anayemsubiri kama kule Uhispania. Pemba nako mchezo wa ng'ombe ni wa mtu na fahali, wa kukwepa kwa wepesi. Wanaofanana zaidi na Khayega ni watu wa Barka nchini Oman na wa Fujairah katika Falme za Kiarabu, ambako madume husukumana vichwa mpaka mmoja akubali.

Kazi hii ina hatari yake. Januari 2024, fahali aliyeitwa Inasio, wa Seneta Boni Khalwale, alimuua mtu aliyekuwa akimtunza. Seneta alimchoma mkuki fahali huyo. Mtu aliyeuawa hakuwa mgeni kwa ng'ombe. Alikuwa mfanyakazi wa miaka mingi. Nguvu zile zile ambazo mtunzaji huzijenga kwa subira analala jirani nazo kila usiku, na si kila mara zinamkumbuka.

Ndiyo maana nina ombi kwa waandaaji wa mapambano, Khayega na kwingineko. Jina la fahali hutangazwa, jina la mwenyewe hutangazwa, na mwanasiasa aliyefika hupewa kipaza sauti. Mtangazeni na mtunzaji. Zawadi ikitolewa, fungu lake litengwe hadharani asikie kila mtu, na kaunti imwekee bima kama mfanyakazi yeyote wa kazi ya hatari. Nawe msomaji, ukifika Jumamosi moja, mtafute yule mwenye kamba umuulize alimchaguaje fahali wake alipokuwa ndama.