Ramani nzuri, mahali siyo

Shamba la mikorosho la Kisarawe limewahi kutua Ethiopia. Mimi ndiye niliyelipeleka. Nilipakia picha za droni kwenye programu ya kuunganisha picha, nikaenda kula, niliporudi ramani ilikuwa safi, mti mmoja mmoja unaonekana. Kuiweka juu ya ramani ya dunia, ikakaa kusini mwa Ethiopia.

Kisarawe iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta. Kila picha ya droni hubeba ndani yake taarifa za mahali ilipopigwa, na nilipozihamisha kutoka faili moja kwenda lingine, herufi inayosema "kusini" ikapotea njiani. Programu haikuuliza kitu. Ikasoma digrii 7 kaskazini, ikaendelea na kazi.

Hiyo nilicheka tu, nikairekebisha kwa dakika 10. Kosa la kilomita 1,500 halimdhuru mtu, maana linaonekana. Linalonikera ni lile la mita nne.

Twende Kibaha, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20. Mita nne ni sehemu ya tano ya upana wake. Ukiisogeza ramani kiasi hicho, ukuta wa mtu umeingia kwa jirani, na mnaonana baraza la kata. GPS ya droni ya kawaida hukosea mita kadhaa bila aibu, na hapo haijaharibika, ndivyo ilivyo. Ramani Huria walipotumia picha za droni kuchora mitaa inayofurika Dar es Salaam, mita mbili tatu hazikuua kazi. Kwenye bikoni zinaua.

Sasa lawama yangu. Programu nyingi nilizotumia hukuwekea mbele ya ripoti kosa la piseli: 0.6, unafurahi. Namba hiyo inasema picha zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, basi. Mashahidi waliopanga maneno kabla ya kuingia mahakamani nao hukubaliana vizuri sana. Kuhusu ardhi yenyewe, haijasema lolote.

Kuna na vituko vya saa. Kwenye droni ambazo kamera na GPS ni vitu viwili, picha hupewa mahali kwa kulinganisha saa. Kamera iko saa za hapa, GPS iko nyuma kwa saa tatu: hiyo utaigundua. Lakini saa ya satelaiti za GPS imeitangulia saa ya dunia kwa sekunde 18 tangu 2017, na droni inayokwenda mita 10 kwa sekunde, zidisha mwenyewe. (Na hapo sijasema habari za mwenzetu aliyeandika daftarini saa mbili asubuhi, na mwingine akaingiza 02:00 kwenye kompyuta.)

Siyo kwamba dawa haipo. OpenDroneMap, ambayo ni ya bure na wengi tunaanzia hapo, inakubali uipe faili la geo.txt lenye mahali pa kila picha, na lingine la alama zilizopimwa ardhini. Ila ukipita bila hata moja haikuzuii, na mwanafunzi mwenye haraka atapita. Mimi ningetaka programu ya namna hii iandike juu ya ramani, kwa herufi kubwa: MAHALI HAPAJAHAKIKIWA.

Niliporudi Kisarawe, kwenye shamba lililopakana na msitu wa Kazimzumbwi, nilichora alama tano za chokaa, nikazipima kwa GPS ya wapima ardhi niliyoazima. Mara ya kwanza sikuipa programu hata moja. Mstari mzima wa mikorosho ya mzee wa watu ukaonekana uko ndani ya hifadhi, na alama zote tano zimesogea mita tatu na kitu. Nikaipa nne, ya tano nikaificha. Ikakaa sentimita 7 kutoka mahali pake, na mikorosho ikarudi shambani.

Ripoti zote mbili ziliandika piseli 0.6.