Kiambishi Kimoja, Vifurushi Vingi

Fundi wa seva utamjua siku anaposakinisha vifurushi vya ukoo mmoja: php-mysql, php-curl, php-mbstring, php-xml, php-gd. Asiyezoea huandika kila jina kwa ukamilifu, kisha mashine ya pili anaanza upya. Mwenye haraka huandika php-* akaiachia nyota imalize kazi.

Nyota haichagui. Wilaya yetu ya Rubavu, Rwanda, ina sekta 12. Ukitumwa kuita wenye sekta zinazoanza na Ny-, watakuja wa Nyakiriba, wa Nyamyumba na wa Nyundo, hata kama shauri lilikuwa la wawili tu. apt, kisakinishi cha vifurushi, nayo hukusanya kila jina linalolingana, pamoja na vifurushi visivyopatana, na kila kimoja huja na vile kinavyovitegemea. Anayenunua intaneti kwa kipimo hapa Gisenyi atalia.

Ninayemsifu mimi hufungua Ansible, zana ya kusanidi seva aliyoianzisha Michael DeHaan mwaka 2012, akaandika kiambishi mara moja tu katika faili la kazi:

name: "{{ ['php-'] | product(['mysql', 'curl', 'xml']) | map('join') | list }}"

Isome taratibu. product inakioanisha kichwa na kila mkia, join inaviunga, list inavipanga. Orodha nzima inafika kwa apt kwa mkupuo mmoja, na hesabu ya nani anamtegemea nani inafanywa mara moja. Ukipitisha majina moja moja kwa kitanzi, apt inaamshwa upya kwa kila jina. Seva zikiwa nyingi utakunywa chai mbili ukisubiri. (Na uandike state: present. latest ina hamu ya kupandisha matoleo usiyoomba.)

Uzuri wake hasa unaonekana faili likiendeshwa mara ya pili: changed=0. Halikugusa kitu, kwa kuwa kila kitu kipo. Faida yake ya pili ni siku seva inapopotea. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara za mji huu. Katika mji wa namna hiyo, seva inaweza kupotea wakati wowote, ila faili lililohifadhiwa kwingine linaijenga tena ilivyokuwa, mkia kwa mkia.

Kikihitajika kifurushi cha php-intl wiki ijayo, fundi ataongeza neno moja, 'intl', kabla ya mabano kufungwa. Seva ambazo tayari zinacho hazitasumbuliwa.