Kabla ya Kufungua Filta

Mji wa Same umekaa kwenye uwanda mkavu, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha. Nyuma yake Milima ya Upare inapanda ghafla mpaka kilele cha Shengena, mita 2,462. Huku chini ni vumbi, miiba na mikonge; kule juu ni ukungu, migomba na mashamba ya tangawizi. Kinachozishikanisha pande hizi mbili, gulio liwepo lisiwepo, ni pikapu za zamani za dizeli: Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, Land Cruiser za 1HZ, na Land Rover ambazo rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka. Zinashusha tangawizi ya Mamba Miamba, maharage na ndizi. Zinapandisha saruji, mabati, sukari, na abiria waliokalia vyote hivyo.

Wenye magari haya hawayang'ang'anii kwa mapenzi tu. Injini zake hazitawaliwi na kompyuta. Pampu huzungushwa na injini yenyewe, hugawa dizeli kwa zamu kwenye kila nozeli, na fundi mwenye spana na akili timamu anaweza kuifuatilia kazi yote kutoka tangi hadi moshi. Kwa unafuu huo injini inadai sharti moja, nalo ni dizeli safi. Anayelisimamia sharti hilo ni kopo la bati linaloenea mkononi, limefungwa kwenye ukuta wa chumba cha injini, na madereva wengi hawalitazami mpaka gari ligome.

Yupo fundi mmoja pale Same ambaye napenda kumtazama akibadilisha kopo hilo, yaani filta ya dizeli. Gereji yake ni kivuli cha mwarobaini, benchi la mbao na sanduku la spana. Kazi yenyewe wengi huiona ndogo, ya kumpa kijana anayejifunza. Yeye haachii kijana. Juzi dereva mmoja alifika na Hilux ya 3L, akateremka na kusema, "Shikamoo mzee. Gari linachoka mlimani."

"Marahaba. Linachoka likiwa na mzigo, au hata likiwa tupu?"

"Na mzigo, mzee. Lami linakimbia vizuri tu mpaka Makanya. Nikianza kupandisha Suji linakata pumzi."

"Ukipumzika kidogo linarudi?"

"Linarudi. Halafu linachoka tena."

Mpaka hapo fundi hajafungua boneti, na tayari njia ya kuitafuta shida imepungua nusu. Kwenye tambarare injini hunywa kidogo, hivyo hata filta iliyoziba nusu humudu kuipitishia. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, gea namba moja, na magunia nyuma, injini hutaka dizeli nyingi kwa wakati mmoja, na filta iliyochoka haiwezi kuitoa. Gari likisimama, dizeli hujikusanya tena polepole na nguvu hurudi kwa mwendo mfupi. Gari lenye nozeli mbovu hulalamika kwa namna nyingine: linatikisika, linatoa moshi, linamisi hata likiwa limesimama. Maswali mawili ya fundi yalikuwa yanatenganisha magonjwa hayo.

Ndani ya filta kuna kazi mbili. Ya kwanza ni ya karatasi iliyokunjwa kunjwa, inayozuia chembe. Unywele wa binadamu una unene wa takriban sehemu 70 za elfu za milimita. Chembe inayoweza kuikwaruza pampu ni ndogo mara nyingi kuliko huo, na jicho haliioni. Kazi ya pili ni ya kutenga maji, na hii watu wa Same hawahitaji kuchorewa. Filta hufanya kama ndiva, yale malambo ambayo Wapare wamejenga tangu enzi za mababu ili kukusanya maji ya kijito usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi. Maji yakitulia ndivani, tope huzama. Dizeli nayo ikiingia kwenye kopo hupunguza mwendo, na maji yaliyo mazito kuliko dizeli hushuka chini. Ndiva ikijaa tope watu huitwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kwenda kuizoa; filta nayo ina kifungulio chake cha chini, na anayetakiwa kwenye msaragambo huu ni mtu mmoja.

Ukali wote huo wa kudai dizeli safi unatokana na pampu. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927, na tangu hapo vyuma vya ndani ya pampu hulingana kwa ukaribu usioacha nafasi ya uchafu. Pampu ya Hilux hizi haina oili yake. Inalainishwa na dizeli ileile inayoisukuma. Tone la maji likipita, kwa kitambo hicho chuma kinasuguana na chuma, na gari likilala siku kadhaa kutu huanza. Kukarabati pampu iliyoharibika ni kuifungua na kuipeleka Moshi au Arusha penye mashine ya kuipimia, na bili yake hununua filta nyingi sana.

Milimani maji hayakosi njia. Gari likilala Mbaga au Chome na tangi nusu, usiku wa baridi unyevu wa hewa iliyomo tangini hugeuka matone na kuteremka ukutani hadi kwenye dizeli. Vijiji vya mbali na vituo hununua mafuta ya madumu, na dumu lililokaa nje halikosi maji wala mchanga. Tangi la miaka 30 nalo linamwaga kutu yake lenyewe.

Turudi kwenye mwarobaini. Fundi alifungua boneti, akaacha injini ipoe, akachukua brashi. Alisugua kichwa cha filta, mipira inayoingia na kutoka, hata bati la pembeni. Kisha akapangusa kwa tambara lililoloweshwa dizeli, akageuza tambara, akapangusa tena. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kubadilisha kwenyewe, na ndiyo inayonifanya nimheshimu. Filta ikiwa imefungwa, uchafu wote uko upande wake. Saa ile unayoifungua, njia ya kwenda kwenye pampu iko wazi, na vumbi la Same liko kila mahali. Kwa hiyo mtu anayebadilisha filta ovyo huweza kuingiza kwa dakika moja kitu ambacho filta ya zamani ilikizuia kwa miezi.

Aliweka chupa ya plastiki chini, akalegeza kifungulio, akapiga pampu ya mkono iliyo juu ya kichwa cha filta. Kilichotoka akakiacha kitulie. Chini ya chupa maji yalijitenga, na kati ya maji na dizeli palikuwa na utando mweusi unaoteleza, dalili ya vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Alimwonyesha dereva bila maneno mengi: "Hii ndiyo ilikuwa inapanda Suji."

Baadaye alichomoa waya wa swichi ya maji, akafungua filta, akahamisha swichi kutoka filta kuukuu kwenda mpya. Swichi hiyo ya plastiki ina boya dogo ndani. Maji yakijaa boya huinuka na taa huwaka kwenye dashibodi. Fundi mwenye haraka huikamata kwa praizi kwa nguvu na kuipasua. Yeye aliizungusha taratibu, akatupa oringi ya zamani, akaweka mpya aliyoipaka dizeli. Kuna magari mengi hapa ambayo taa hiyo haiwaki tena kwa sababu mtu aliuacha waya ukining'inia, na dereva anaamini kuwa taa ikiwa imezimwa basi tangini hakuna maji.

Sehemu niliyoipenda zaidi ilikuwa ya kujaza. Filta mpya ikifungwa tupu, ni lazima upige pampu ya mkono sana. Wengi hukwepa kazi hiyo kwa kumimina dizeli kwenye tundu kubwa la katikati. Tundu hilo ndilo la kutokea: dizeli unayoimwaga pale haipiti kwenye karatasi, inakwenda moja kwa moja kwenye pampu na kila kilichomo. Kijana wake alishainua kikombe. Mzee akakizuia kwa kidole. "Pembeni, dogo. Matundu madogo." Dizeli iliyoingia pembeni ilipenya karatasi polepole na kupanda katikati ikiwa imechujwa. Ilimbidi angoje, akaongeza, akangoja tena.

Kisha akapaka mpira wa filta dizeli, akaikaza kwa mkono hadi mpira uguse, akaongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Kwenye Hilux hizi pampu ndiyo inayovuta dizeli kutoka tangini, hivyo filta iko upande wa mvuto. Mpira ukikaa vibaya gari halivujishi mafuta, linavuta upepo. Hakuna doa chini, hakuna harufu, ila asubuhi stata inazungushwa mpaka betri inaishiwa, maana usiku dizeli imerudi tangini. Fundi anapolishuku tatizo hilo huunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, akawasha, akatazama mapovu yanayopita. Siku hiyo hakuhitaji. Alipiga pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, injini ikawaka, ikasitasita kidogo, ikatulia.

Filta kuukuu hakuitupa. Aliipasua kwa patasi, maana msumeno humwaga unga wa chuma na unga huo ungemdanganya, akakunjua karatasi juu ya benchi. Rangi ya kahawia ilikuwa kutu ya tangi. Angeona chembe zinazong'aa, angewaza pampu iliyoanza kujila na kurudisha vumbi lake tangini kwa bomba la kurudishia. Hapo ushauri wake ulitoka: tangi lifunguliwe na kusafishwa, gari lilale na tangi lililojaa linapolala mlimani, maji yamwagwe kila wiki, na filta isingoje taa.

Kuna jambo moja ambalo filta haiwezi, naye husema wazi. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli yanapita kwenye karatasi bila kuzuiliwa, na hayalainishi pampu ipasavyo. Mchanganyiko huo ulienea nchini mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Fundi hana maabara. Husugua tone kati ya vidole na kulinusa, na akilitilia shaka humwambia mwenye gari amwage tangi, hata kama maana yake ni kukosa kazi ya siku hiyo.

Tabu ya ufundi wa namna hii ni malipo. Anayebadilisha pampu hulipwa vizuri, kwa sababu kila mtu aliona gari limekufa na sasa limefufuka. Anayebadilisha filta vizuri hulipwa kidogo kwa ajali ambayo haikutokea, na mwenye gari anaweza hata kujiuliza kwa nini ile brashi ilichukua muda wote huo. Ndiyo maana kuna watu wanaoosha filta kuukuu kwa petroli na kuirudisha, ingawa karatasi iliyooshwa imeshalegea na maji yaliyozuiliwa jana leo yanapita. Mwenye pikapu anayetaka kujua amempata fundi wa kweli asimpime kwa kasi. Amtazame kabla filta haijafunguliwa: akishika brashi kwanza, amwachie gari na aende akanywe chai.