Pekupeku Mchangani

Mtu akikukanyaga ndani ya daladala, husemi "amekanyaga mguu wangu". Unasema "amenikanyaga mguu". Ile "ni" iliyokaa katikati ya kitenzi ndiyo inayopokea uchungu. Mguu unatajwa ili ijulikane tu uchungu umeingilia wapi. Kiswahili hakikuuweka mguu pamoja na baiskeli na sufuria, katika vitu ambavyo mtu anavyo. Mguu ni yeye mwenyewe.

Sarufi hiyo hunijia kila ninapoifikiria Carne y Arena, kazi ya uhalisia pepe ya mwongozaji wa Mexico Alejandro González Iñárritu, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Cannes mwezi Mei 2017. Jina hilo la Kihispania maana yake ni nyama na mchanga, na ni nadra jina la kazi ya sanaa kutaja umbo lake waziwazi namna hii.

Huingia mtu mmoja mmoja. Chumba cha kwanza kina baridi kali, mfano wa vyumba wanamowekwa wahamiaji waliokamatwa kwenye mpaka wa Marekani na Mexico. Humo mmetapakaa viatu vilivyochakaa, vilivyookotwa jangwani. Mtazamaji anaambiwa avue viatu vyake na soksi, kisha angoje. King'ora kinalia. Anapita mlangoni na kukanyaga mchanga katika ukumbi mkubwa wenye giza, na hapo ndipo anapovishwa miwani ya uhalisia pepe na kubebeshwa mkoba wa mgongoni. Kwa dakika sita na nusu yumo jangwani na kundi la wahamiaji, mpaka helikopta inapotokea na askari wa doria wanapofika na mbwa na bunduki.

Utazame vizuri mpangilio huo: viatu vinavuliwa kabla ya miwani kuvaliwa. Kazi nyingi za aina hii huanza na macho, zikitumaini kwamba macho yakishakubali, mwili uliobaki utafuata. Iñárritu ameanza na unyayo. Picha ya kwanza inapotokea, mtazamaji ana baridi miguuni tayari, na ameshasimama kwenye kitu kisicho picha.

Matumaini hayo ya kuyategemea macho hayakutoka hewani. Mwaka 1998 Matthew Botvinick na Jonathan Cohen waliandika katika jarida la Nature kuhusu mkono wa mpira. Mkono wako halisi unafichwa, wa mpira unawekwa mbele yako, na yote miwili inapapaswa kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya muda mfupi watu wengi huhisi kwamba wanaguswa kwenye ule wa mpira. Nimelijaribu jaribio hilo nyumbani kwa glavu ya kuoshea vyombo iliyojazwa vitambaa, mpwa wangu akishika brashi mbili. Alipochoka na brashi zikaacha kwenda pamoja, glavu ikarudi kuwa glavu. Mwaka 2010 Mel Slater na wenzake walifika mbali zaidi: wanaume waliovaa miwani waliona kwamba mwili walio nao ni wa msichana, na msichana huyo alipopigwa kofi na mwanamke wa kwenye picha, mapigo ya mioyo yao yalibadilika. Katika majaribio haya ngozi inatoa ushahidi, lakini anayehukumu ni jicho.

Carne y Arena imeigeuza hukumu hiyo. Mtazamaji akiinama kutazama miguu yake, haioni. Hana magoti, hana mikono, hana kivuli. Ngozi inaapa kwamba yupo; macho yanaapa kwamba hayupo. Wapo wanaoweza kulihesabu hilo kuwa pengo la kiufundi. Mimi naliona kuwa ndiyo maana yenyewe ya kazi. Msanii angeweza kumvika mtazamaji mwili wa mhamiaji, na mbinu ilikuwapo. Kwa kutomvika, amemkatalia uongo mtamu kwamba dakika sita na nusu zinatosha kuwa mtu mwingine. Mtazamaji amepewa nyayo tu bila kiwiliwili, na kwa hiyo mchanga unamchoma yeye mwenyewe, si mhusika aliyeazimwa.

Karibu na mwisho umbo hili linafika kileleni. Askari ambaye hadi sasa amekuwa akiwafokea wengine anamgeukia mtazamaji na kumlenga kwa bunduki. Asiye na mwili ameonekana. Sijui namna bora zaidi ya kumfundisha mtu kwamba mwili wake ni wake: anaugundua pale tu unapotishwa.

Kuna mahali, hata hivyo, sikubaliani na msanii. Mtazamaji akitembea na kupita ndani ya mmoja wa wahusika, anauona moyo wa mtu huyo ukidunda. Wengi wamelisifu jambo hili. Mimi naliona pambo linaloivunja kazi. Mlango uliokuwa umefungwa kwa heshima unafunguliwa ghafla, na kifua cha mwanamke aliyechoka kinakuwa dirisha la kuchungulia. Moyo ule hauna joto wala uzito, na unyayo hausemi lolote juu yake. Ni macho peke yake yaliyoachiwa kazi, na mchanga umesahauliwa. Kuna pia ndoto fupi, yenye meza na mashua; nayo ina kasoro hiyo hiyo, ila inapita upesi.

Kinachoiokoa kazi ni chumba cha mwisho, ambako hakuna miwani. Ukutani kuna video za nyuso za watu wale wale tuliokuwa nao jangwani. Wahamiaji hao waliigiza safari zao wenyewe, miendo yao ikanaswa kwa mitambo. Sasa wanatutazama kimya, na maandishi ya simulizi zao yanapita juu ya nyuso zao. Miili imerudi kwa wenyewe, na haipitiki tena.

Mtazamaji hurudishiwa viatu vyake, akakung'uta mchanga, akavaa. Vile vya chumba cha baridi hubaki pale pale sakafuni.