Usiiulize Nyama Rangi, Iulize Ilikopita

Ukiuma nyama ukaikuta nyekundu katikati, swali ni moja: uteme au umeze? Ukishameza, unabaki kulisikiliza tumbo usiku kucha. Wengi hutafuta jibu kwenye rangi, lakini rangi ni shahidi mbovu. Jibu limo katika njia ambayo nyama ilipita kabla ya kufika mezani, na somo zuri la jambo hilo lilitokea katika jimbo la Washington, Marekani, mwanzoni mwa 1993.

Januari 13 mwaka huo, daktari mmoja aliitaarifu idara ya afya ya jimbo kwamba wanaokuja hospitalini wakiharisha damu wameongezeka, na kwamba watoto kadhaa figo zao zimeanza kushindwa kazi. Wachunguzi hawakukimbilia maabara peke yake. Waliwachukua wagonjwa 16 wa mwanzo, wakawalinganisha na watu wa rika lao na wa mitaa yao ambao hawakuugua, wakauliza nani alikula wapi. Majibu yakaelekea kwenye migahawa ya Jack in the Box. Kufikia Januari 18, baga ambazo hazijapikwa zilikuwa zinarudishwa. Hata hivyo, kati ya baga zote zilizoshukiwa, takriban moja ya tano tu ndizo zilizowahiwa. Washington peke yake iliripoti wagonjwa 501, na 45 kati yao walipata ugonjwa unaoharibu chembe nyekundu za damu na figo. Ukijumlisha na majimbo mengine, waliougua walizidi 700 na watoto wanne walifariki.

Mambo yaliharibika wapi? Kwanza machinjioni. Bakteria aliyehusika, E. coli O157:H7, huishi kwenye utumbo wa ng'ombe bila kumdhuru. Wakati wa kuchuna na kutoa matumbo, kinyesi kidogo kikigusa nyama, bakteria hubaki juu yake. Kipande kizima kikiwekwa motoni, upande huo wa nje ndio unaoungua kwanza, na bakteria hufa.

Pili, mashine ya kusaga. Hii huchukua kilichokuwa nje na kukipeleka ndani, tena huchanganya nyama za ng'ombe wengi katika fungu moja. Ng'ombe mmoja mwenye bakteria anatosha kuchafua baga nyingi.

Tatu, moto. Sheria ya Washington ilitaka katikati ya baga pafike takriban nyuzi joto 68. Wachunguzi walipozipima baga zilizopikwa kwa utaratibu wa migahawa hiyo, nyingi hazikufika hata 60. Na kwa kuwa bakteria hawa wachache tu wanatosha kumlaza mtu, "karibu imeiva" haikusaidia kitu. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ikapiga marufuku uuzaji wa nyama mbichi ya ng'ombe ya kusaga yenye bakteria huyo.

Sasa tuje kwenye sahani zetu. Paja la mbuzi lililochomwa vizuri nje, likiwa na wekundu kidogo karibu na mfupa, lina hatari ndogo kuliko baga nene. Ule umajimaji mwekundu si damu. Damu nyingi ilishatoka wakati wa kuchinja. Ni maji ya msuli yenye protini inayoupa wekundu wake. Katika nyama choma, hofu kubwa zaidi iweke kwenye gogo. Mchomaji akikatia nyama iliyoiva pale pale alipokatia mbichi, kwa kisu kile kile, anairudishia bakteria baada ya moto kuwaua.

Sambusa ina utaratibu salama zaidi: nyama ya kusaga hukaangwa mpaka ikauke, ndipo hufungwa na kutumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Kababu na baga hazina bahati hiyo, kwani mbichi huivishwa mara moja tu. Hizo zifike nyuzi 71 katikati, tena zipimwe, maana nyama ya kusaga inaweza kugeuka kahawia kabla ya kufikia joto hilo. Kuku afike 74. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nayo ina kesi yake: viluwiluwi vya tegu hukaa ndani kabisa ya msuli, hivyo kuungua kwa nje hakutoshi hata kama kipande ni kizima.

Na kama umeshakula? Usijitapishe. Kutapika ndani ya saa chache mara nyingi hutokana na sumu ya bakteria waliozaliana kwenye chakula kilicholala nje. Salmonela huanza kati ya saa 6 na siku 6, E. coli huyu kwa kawaida siku 3 hadi 4. Kwa hiyo tumbo likivurugika leo jioni, mchunguze pia mlo wa jana na juzi, na kachumbari usiisahau.

Kunywa maji na ORS. Usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya kuua bakteria wala vya kufunga choo: kwa anayeharisha damu, vya kwanza vinaweza kuongeza hatari kwa figo, na vya pili humbakizia sumu tumboni. Nenda hospitali ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma au mkojo kupungua. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee wasisubiri dalili zizidi.

Mtu mzima mwenye afya aliyekula kipande kizima cha ng'ombe au mbuzi kilichoungua vizuri nje hana sababu ya kukesha. Lakini baga au kababu iliyo mbichi katikati irudishe jikoni bila kuona haya, hasa kama anayeila ni mtoto.